Anayechinja na Anayeshika

Evodia alipopata nafasi ya chuo kikuu Dodoma, kijiji kizima kilifurahi mpaka kilipouliza anakwenda kusomea nini.

"Dini," alisema.

Hapo furaha ikapoa kidogo. Mzee Bartolomayo, jirani yao, mtu asiyepitwa na habari ya mtu, ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote. "Kwa hiyo utakuwa sista?"

"Hapana, babu."

"Mchungaji basi. Siku hizi hata wanawake wanahubiri."

"Hapana, babu. Nitasoma tu."

"Sasa unakwenda kusoma nini mbali huko, na kanisa lipo hapo, msikiti upo pale, na kote kuingia ni bure?"

Jibu Evodia alilipata baadaye, wiki za mwanzo za chuo: kwamba shahada ya masomo ya dini haimfundishi mtu kusali, inamfundisha kuwatazama wanaosali na kuuliza kwa nini wanafanya wanavyofanya. Ni jibu zuri sana ukiwa mjini Dodoma, umekaa kantini na wenzako, chai iko mezani. Huko kwao Chemba, mbele ya Kwa Mtoro, ambako wazee huamkiana kwa ile lugha yao ya vidoko vya ulimi na mtoto hujua kupiga kidoko kabla hajaota meno, jibu hilo halikumwingia mtu. Mzee Bartolomayo alilisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, mwanangu, Mungu akusaidie upone," akaenda zake.

Na kweli, kwa nini kijiji kile kiulize maswali ya dini? Dini walikuwa nayo mpaka ya kugawana. Chukua nyumba ya kina Evodia yenyewe. Bibi Anastazia alizaa watoto wawili wa kiume. Wa kwanza alichukuliwa akiwa mdogo kwenda kulelewa na mjomba wake Kondoa, akasomeshwa chuo cha Kurani huko, akarudi kijana mwenye kofia, jina lake Masudi. Wa pili alibaki nyumbani, akabatizwa misheni, akaitwa Yotham. Hakuna aliyelia, hakuna aliyepigana. Walipooa walijenga nyumba zinazotazamana, ua mmoja, na mama yao wakamjengea chumba katikati ili asimsingizie mmoja kwamba anampendelea mwenzake.

Krismasi na Pasaka ilikuwa kwa Yotham, Idi zote mbili kwa Masudi. Na awe mbuzi wa Krismasi au wa Idi, aliyechinja alikuwa Masudi, na nyama ilipikwa sufuria moja, ikaliwa na wote. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu yake Evodia yuko hai. Nyumba nyingi za upande ule hufanya hivyo hivyo, na ukimuuliza mtu kwa nini atakutazama kama umemuuliza kwa nini mvua inanyesha chini.

Sasa hapo ndipo palipoingia asaimenti.

Mwaka wa pili Evodia alifundishwa somo la mila na ibada na Dokta Ulimboka, mwalimu mwenye tumbo, cheko na moyo wa huruma. Kabla ya likizo ya Krismasi Dokta aliwaambia, "Nendeni makwenu. Tafuteni jambo moja ambalo ukoo wenu hulifanya bila kujiuliza. Ninyi mjiulize." Evodia akaona limemjia lenyewe. Ataandika kuhusu mbuzi wa Krismasi. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakusema uulize mbele ya nani.

Siku ya Krismasi ukoo wote ulikuwa uani. Evodia aliweka simu yake juu ya stuli, akabonyeza kurekodi, akamgeukia Masudi ambaye alikuwa ameketi akisubiri nyama iive.

"Baba mkubwa, nina maswali ya chuo. Kwa nini kila mara unachinja wewe?"

Masudi alifurahi. Alikuwa mtu wa kupenda kuulizwa, na watoto wake mwenyewe walikuwa wamekwisha kuacha kumuuliza. Akaeleza vizuri, taratibu, kama anamfundisha mwanafunzi: jina la Mungu linatajwa, kisu kinakuwa kikali, mnyama haonyeshwi kisu, hateswi, anageuzwa kuelekea kibla. Evodia alikuwa anaitikia kwa kichwa huku moyo unaruka, maana alikwisha kuiona alama yake ya A inakuja. Laiti angeishia hapo!

"Na siku moja akichinja baba, wewe utakula?"

Masudi aliitazama ile simu, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amesimama karibu na moto, akarudi kuitazama simu. Alikuwa mtu mkweli, na mjomba wake alimfundisha kwamba katika mambo ya dini mtu hasemi uongo, hata wa kufurahisha.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sitakula."

Yotham akasema neno moja tu. "Kumbe."

Nyama iliiva, watu wakala. Yotham alisema meno yanamuuma. Baadaye Evodia alimfuata nyuma ya nyumba, akamkuta amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachora chini kwa kijiti.

"Baba, kwani hujui mambo ya halali? Buchani pale Kwa Mtoro si huchinja Waislamu vilevile?"

"Ya buchani nayajua. Ya buchani ni ya dini, na watu wa buchani si ndugu zangu." Alikuwa haongei kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Evodia. "Hapa nyumbani mimi nilijua anachinja kwa sababu ni kaka yangu. Baba alimpa kisu mbele ya macho yangu, akamwambia, wewe ndiwe mkubwa. Mimi nimekaa na hilo maisha yangu yote. Hata angekuwa Mlutheri, nilijua kisu ni chake. Kumbe kwake mkono wangu ni haramu."

"Siyo hivyo, baba."

"Umeuliza wewe, amejibu yeye, nimesikia mimi. Nani hapo kadanganya?"

Evodia alirudi Dodoma, akaandika. Aliandika vizuri kwa kweli, maana mtoto yule ana akili, tusimnyime. Aliandika kuhusu mchinjaji, kisu na maneno ya mchinjaji, na mlo wa pamoja unaounganisha dini mbili katika ua mmoja. Dokta Ulimboka alisoma ukurasa mzima mbele ya darasa, akampa A. Rodgers, mwenzake wa darasa na mpenda kelele, akapiga meza akasema, "Evo, hapo umeupiga mwingi!" Wakacheka wote. Evodia naye alicheka, ila cheko halikufika tumboni.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilianza pamoja, na mama yake, Editha, alipopiga simu alisema pengine Mungu mwenyewe ameamua kuwapatanisha, wote wafunge, wote walegee. Wapi! Ilipofika Idi Yotham alisema ana malaria. Malaria yenyewe ilimwacha alime siku nzima, ikamkamata saa ya pilau tu. Ilipofika Pasaka, Yotham akachukua mbuzi wake akamchinja mwenyewe. Masudi aliliona kutoka mlangoni kwake, akaingia ndani, akamwambia mkewe Mwanaidi awashe moto wao.

Kwa mara ya kwanza ua ule ukawa na mioto miwili na sufuria mbili. Mwanaidi na Editha, ambao tangu waolewe walikuwa wakichotana chumvi bila hata kuombana, sasa walipeana kwa mlango wa nyuma, wamefunika kwa khanga kama wezi. Majirani waliona yote wakanyamaza, wala usiwalaumu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Huo ndio usia, na msimu ule majirani walilima kwelikweli.

Ni Bibi Anastazia tu ambaye hakuchukua jembe. Alitoka chumbani kwake na fimbo yake, akasimama katikati ya ile mioto miwili, akatazama huku, akatazama huku.

"Mimi nilizaa wawili kwa tumbo moja," alisema. "Sikuwa na tumbo la Masudi na tumbo la Yotham. Nyama yenu sili. Ya huku sili, ya huku sili. Mkipika sufuria moja mtaniita."

Wakadhani ni maneno ya siku moja ya mtu mzima. Bibi hakugusa nyama siku ile, wala wiki ile, wala mwezi uliofuata. Mchuzi hakuugusa. Yai hakuligusa. Alikula ugali wa uwele na mlenda, akishiba anashukuru, akilala anasali rozari yake kwa sauti ili wanawe wasikie. Masudi alimpelekea supu ya kuku, akaikuta asubuhi imelowesha masharubu ya paka. Yotham alimpelekea maini, akarudishiwa na sahani ikiwa imefunikwa vilevile.

"Bibi yako anakonda," Editha alimwambia Evodia kwenye simu. "Zamani alikuwa anavaa gauni. Siku hizi gauni linamvaa yeye."

Evodia alikata simu akalia. Alimpenda bibi yule kupita kiasi. Alilala naye kitanda kimoja mpaka alipokwenda sekondari, akamjua hata anavyokoroma. Akaenda ofisini kwa Dokta Ulimboka macho mekundu, akamweleza mambo yote, na kwamba ile A yake imempokonya bibi yake nyama.

Dokta akavua miwani.

"Binti yangu, nikikupeleka maktaba nitakuonyesha rafu nzima ya vitabu kuhusu watu kula pamoja. Lakini mimi na shemeji yangu Msabato hatujakaa meza moja tangu arusi ya dada yangu, kwa ajili ya kitimoto tu, maana yeye nguruwe hali. Sina la kukufundisha hapo. Nenda nyumbani."

Likizo ndefu ilipoanza akaenda. Na kwa kuwa alikuwa msomi, alikwenda amejiandaa kisomi: aya za kumwambia baba mkubwa, na maneno ya Paulo kuhusu ndugu na chakula ya kumwambia baba. Njia nzima alikuwa anayapanga kichwani.

Alianza na Masudi. Alimkuta barazani kwake anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chuo hawajambo?"

"Hawajambo. Baba mkubwa, nimesoma. Kuna aya inasema chakula cha watu wa Kitabu ni halali kwa Waislamu. Sasa baba ni Mkristo, ni mtu wa Kitabu, kwa hiyo..."

Masudi aliendelea kuchonga. "Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wangu chuoni."

"Muislamu?"

"Mlutheri."

"Ahaa." Akakiweka kisu chini. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. "Evodia, aya hiyo naijua tangu kabla mama yako hajaolewa hapa. Masheikh wameizungumza, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Mimi nilifundishwa na mjomba, nikakua hivyo, nimezeeka hivyo. Siku ile uliniuliza, nikakujibu, na jibu lile limenikosesha ndugu. Leo hukuja kuniuliza. Leo umekuja kunishinda."

Evodia akaomba radhi, akavuka ua, akajaribu kwa baba yake. Yotham alimsikiliza mpaka akamaliza habari ya Paulo.

"Paulo alikuwa na kaka?" aliuliza.

"Sijui, baba. Sidhani kama imeandikwa."

"Basi mwache Paulo apumzike."

Siku zikaenda. Asubuhi moja ya Jumapili, watu wametoka kanisani, Evodia alikaa na bibi yake mlangoni wakichambua mlenda. Mikono ya bibi ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na pete yake ya ndoa ameifunga uzi isidondoke. Evodia alivumilia, akashindwa.

"Bibi, kula hata kipande kimoja. Kwa ajili yangu. Utakufa."

"Nitakufa," bibi alikubali, anachambua tu. "Sijui watanizika pamoja, au kila mmoja atakuja na jeneza lake."

"Bibi jamani!"

"Unadhani sina hamu? Nina hamu ya maini mpaka nayaota. Beberu wangu yule mweusi yuko pale zizini amenona, ananitazama kila siku, namtazama. Nani kaniharibia mambo yangu?"

Evodia hakuwa na pa kukimbilia. "Mimi, bibi."

"Basi."

Evodia alilipokea neno lile la bibi kama amri ya kutengeneza alichoharibu. Akainuka, akaingia jikoni kwa mama yake, akachukua kisu cha kukatia nyanya, akaenda zizini, akamfungua beberu.

Masudi alikuwa barazani kwake. Yotham alikuwa kwake, bado na shati la kanisani. Wote wawili walimwona mtoto wa chuo kikuu akitokea na kisu mkono mmoja na beberu mkono wa pili, ila kwa kweli beberu ndiye aliyekuwa na Evodia. Alimburuta kutoka zizini mpaka katikati ya ua, akampitisha juu ya mkeka ambao Mwanaidi alianikia mtama, akamzungusha mti wa kuanikia nguo. Mtama ukaruka, kuku wakaja mbio, shuka ikaanguka. Evodia hakuachia kamba.

"We Evodia!" Yotham alipaza sauti. "Unafanya nini?"

"Nachinja!"

"Unachinja nini?"

"Beberu wa bibi! Ninyi wakubwa mmeshindwa. Bibi anakufa mnamtazama. Mimi nimesoma, nina A!"

"A ya kuchinja?" Masudi aliuliza kutoka upande wake, amesimama wima.

"Ndiyo, baba mkubwa! Ya kuchinja! Najua kila kitu!"

"Kwa kisu hicho? Hicho hakikati hata kitunguu! Utamtesa kiumbe wa watu!"

"Basi nitamtesa!" Na hapo akaanza kulia, kilio kile cha mtoto, cha kamasi na kwikwi, huku ameng'ang'ania pembe moja na beberu anamtikisa. Akajaribu kumlaza kama alivyoandika kwenye ukurasa wa nne wa kazi yake. Beberu hakuwa ameisoma kazi hiyo. Akarusha kichwa, Evodia akapiga magoti, kisu kikaruka huko.

Yotham alikuwa wa kwanza kufika, kwa sababu ni mwanawe na pembe zile si mchezo. Alimsukuma binti yake pembeni, akamkamata beberu miguu ya mbele na ya nyuma kwa mpigo mmoja, akampindua, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akamwekea goti begani na kiganja juu ya macho. Beberu akatulia tuli. Masudi alikuwa ameingia ndani. Akatoka mbio na kisu chake, kile kirefu, ambacho hakikuwa na kazi tangu Idi. Alikimbia ili mnyama asiteswe, na wala hakufikiri ni nani amemshika. Alifika, akapiga goti, ndipo akaona.

Beberu alikuwa amelazwa barabara. Shingo imenyooka, koo liko wazi, kichwa kimeelekea kaskazini, kibla kabisa.

Masudi alibaki na kisu nyuma ya mgongo, kama anavyofanya siku zote ili mnyama asikione. Ndugu wawili, magoti chini, vichwa vyao karibu vigusane. Wake zao walikuwa wametoka nje.

"Yotham," alisema Masudi. "Nani kakuambia umlaze hivi?"

"Nani aniambie? Nawalaza hivi tangu baba yuko hai."

"Na yule wa Pasaka? Uliyemchinja mwenyewe?"

Yotham alitazama pembeni. "Hivi hivi."

"Umemgeuza kibla?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, na mimi sikuwapo? Ulijua sitamla."

Kiganja cha Yotham kilikuwa bado juu ya macho ya beberu, kinamtuliza. Alipojibu, sauti ilikuwa ndogo mpaka Editha aliyekuwa mlangoni hakuisikia.

"Nilidhani huenda ungekuja."

Evodia aliisikia. Alikuwa amekaa palepale mavumbini, goti linatoka damu, na maneno yale yalimwingia kuliko yote aliyofundishwa tangu aingie chuo. Kurasa zote zile alizoandika, za mchinjaji na kisu na dua, na anayeshika hakumwandikia hata mstari. Alikuwa amemtazama baba yake kila Krismasi na kila Idi akipiga goti pale chini, na hakumwona. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona upendo mkubwa kwa yule mzee wa shati la kanisani lililochafuka.

Masudi alikuwa analia. Hakujificha.

"Idi hii walinishikia vijana," alisema. "Mnyama alihangaika, nikamkata vibaya. Nikasimama kuswali siku ile naona haya mbele ya Mungu. Huyu mtoto wako aliniuliza nusu ya swali, Yotham. Aliuliza kama nitakula ukichinja wewe. Ningesemaje? Hilo siliwezi, na sitakudanganya leo wala kesho. Lakini hakuniuliza kama naweza kuchinja bila wewe."

"Na unaweza?"

"Siwezi, mdogo wangu. Nimejaribu."

Yotham aliinamisha kichwa. "Basi chinja," alisema. "Mama ana njaa."

Masudi akafuta macho kwa mkono wa kanzu, akataja jina la Mungu kwa sauti iliyokatika katikati, akachinja. Kazi ikaisha kwa mara moja, safi, na beberu hakuhangaika.

Baada ya hapo ilikuwa shughuli ya kawaida ya watu wanaojua kazi yao. Mwanaidi na Editha hawakungoja kuambiwa; walikutana kwenye mafiga huku mmoja ana kuni na mwenzake ana sufuria kubwa, wakaanza kucheka wao kwa wao bila sababu, na Mwanaidi akamsamehe Evodia mtama wake palepale. Mzee Bartolomayo alitokea kwenye uzio, akadai amepita tu kuuliza kama kuna mwenye dawa ya mgongo. Maini yalitolewa kwanza, yakatiwa chumvi, yakawekwa juu ya makaa. Harufu ikajaa uani.

Yotham alikata pande la kwanza, akaliweka kwenye sahani ili ampelekee kaka yake kwa heshima, kama inavyotakiwa. Masudi akaisukuma sahani pembeni.

"Siyo kwa sahani."

"Unataka nini?"

"Ulisema kwangu mkono wako ni haramu. Evodia alimwambia Editha, Editha akamwambia Mwanaidi, Mwanaidi akaniambia, nami sikulala." Masudi alikaa chini mbele ya mdogo wake, mzee mzima na kofia yake, akaiweka mikono yake nyuma. "Nilishe."

Yotham aliosha mikono, akajifuta kwenye shati, akachukua lile pande la maini. Masudi akafungua kinywa kama mtoto anayepewa uji, akala, akayatafuna taratibu amefumba macho. Kisha akaushika ule mkono kabla haujaondoka, akailamba chumvi iliyobaki vidoleni, kidole kwa kidole, mbele ya wake zao, watoto wao na jirani yao. Yotham akaangua kilio. Alilia kwa sauti, mtu mwenye wajukuu, na Evodia alikwenda akamkumbatia kwa nyuma, akalaza shavu mgongoni kwake, naye analia.

Walikaa hivyo mpaka fimbo ilipogonga sahani tupu mlangoni pa chumba cha katikati.

"Haya, imetosha," alisema Bibi Anastazia. "Nileteeni na mimi kabla hayajapoa."